Mbao Tatu

Fizi, tarehe 17 Juni 2024

Dada yangu Godelieve,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nilifika salama, vumbi tupu barabara nzima. Karakana nimeifungua leo asubuhi, lakini sijapiga randa hata ubao mmoja. Ile kamba niliyompimia mtoto sanduku lake nilirudi nayo mfukoni bila kujua. Sasa sijui niitupe wapi.

Nina neno la kukuambia. Siku ya tatu ya kilio, binti yako Chérie alipowasha telefone ya marehemu ili atafute picha, alitusomea maandiko aliyoyakuta ndani ya ule mchezo wake wa dame, wa kulana kete. Wewe ulikuwa umelala chini, labda hukusikia. Mimi nilisikia. Kuna muntu anajiita Mamba 77. Alimwandikia Vainqueur: “Leo unakufa.” Siku nyingine: “Nimekuzika.” Na tarehe 30 ya mwezi wa tano, siku ulipompeleka kituo cha afya, aliandika: “Ufe basi.” Siku tatu baadaye tukampoteza.

Muganga wa kituo alisema ni malaria. Sikatai. Lakini malaria inaingia kila nyumba ya Baraka na watu wanaamka. Kwa nini yeye hakuamka? Alikuwa na miaka kumi na tisa, anabeba gunia la mihogo kama mto wa kulalia.

Tarehe 12 ya mwezi wa saba, siku ya arobaini, tutakapoondoa matanga, nitaiweka telefone hiyo mezani mbele ya wazee na chifu wa mtaa. Vijana wa ukoo wamekwisha sema watamtafuta huyo Mamba popote alipo. Usifute kitu na usimpe mtu yeyote. Tangu mume wako Bertin alipofariki, mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba wa mtoto huyu. Nitasimama mpaka mwisho.

Kaka yako,
Alphonse

*

Baraka, tarehe 20 Juni 2024

Mama Goreth,

Karatasi hii inaletwa na Lionel, kijana wa pikipiki za taxi-moto anayekwenda Lusenda kila siku mbili. Ni mtu wa kanisa letu, hafungui barua za watu.

Nilipokuandikia ndani ya mchezo kwamba mwenye telefone amekufa na mimi ni mama yake, ulikaa kimya siku tatu. Kisha ukaandika jina lako, namba ya bloki yako kambini, na neno moja: pole. Asante kwa hilo. Lakini mule ndani sitaki kuandika tena, kwa sababu telefone hiyo itasomwa na watu wengine.

Mimi nauza mawese na samaki wa ndagala hapa sokoni. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, basi. Nasoma polepole, lakini naelewa. Dame siijui. Vainqueur alinieleza mara nyingi kwamba katika mchezo wenu mtu anapewa siku saba za kusogeza kete yake, kwa hiyo mnaweza kucheza mwezi mzima huku kila mmoja anafanya kazi zake. Mimi nilikuwa naitika tu, mkono uko kwenye sufuria.

Siku ya saba telefone yake ililia ndani ya kikapu cha nguo zake. Nilikimbia kama mtu aliyeitwa. Ilikuwa imeandikwa: “Muda umekwisha. Umeshindwa.” Nilikaa nayo mkononi mpaka ikazimika.

Sikuandikii kukutukana. Nataka unijibu maswali mawili. Ulimjua mtoto wangu? Na tarehe 30 ya mwezi wa tano alikukosea nini hata ukamwambia afe?

Mimi,
Godelieve, mama yake Vainqueur

*

Lusenda, tarehe 23 Juni 2024

Mama Vainqueur,

Nimepokea karatasi yako na nimelia. Pole sana kwa msiba. Mimi ni Mrundi, nina miaka tisa hapa kambini. Nimeokoka, siwezi kumwambia mtoto wa mtu maneno kama yale.

Telefone ni yangu, ni kweli. Lakini anayecheza ni Aubin, mtoto wa dada yangu. Vijana unawajua, wanaandika bila kufikiri. Nimemgombeza sana. Sasa ameondoka, amekwenda kutafuta kazi, sijui atarudi lini.

Ninaomba jambo hili liishe hapa kati yetu wamama.

Wako,
Goreth

*

Baraka, tarehe 27 Juni 2024

Mama Goreth,

Tangu nipate jibu lako nimeanza kusoma maandiko yenu yote tangu mwanzo, ya miezi kumi. Nasoma usiku kidogo, na mchana sokoni wakati wateja ni wachache. Bado sijafika mwisho.

Tarehe 4 ya mwezi wa pili Mamba 77 aliandika: “Ngoja nitoe maharagi motoni, nikirudi nakumaliza.” Tarehe 19 aliandika kwamba mgongo unamuuma, ametoka kupalilia shamba la watu na mwenye shamba amempunja. Siku nyingine aliomba mchezo usimame kwa sababu mjukuu anaharisha. Aubin wako ana mjukuu?

Sitaki kukuaibisha. Nakuambia hivi kwa sababu kuna jambo hulijui. Kaka yangu mkubwa, seremala wa Fizi, anaamini maneno yale ndiyo yaliyomuua mtoto. Siku ya arobaini, tarehe 12 mwezi ujao, atayatoa mbele ya wazee. Kuna vijana wanaosubiri waambiwe jina tu. Mimi nimewajua tangu wako na makamasi, si wabaya, lakini walimbeba Vainqueur mabegani mwao na hawajui waipeleke wapi ile hasira. Ukisema ni Aubin, watamtafuta Aubin. Je, kijana huyo yuko kweli? Kama yuko, umemtia hatarini ili ujifiche. Kama hayuko, yuko kijana mwingine wa jina hilo.

Jina lako sijamtajia mtu. Lakini siwezi kumsemea mtu ambaye hajaniambia ukweli.

Nikuulize kitu kidogo pia. Kuna pahali Vainqueur aliandika “nimekula chungwa lenye chumvi, sasa nina akili.” Alikuwa anakula hivyo tangu mdogo. Ulimjibu nini? Mahali pale maandishi yamekatika.

Godelieve

*

Lusenda, tarehe 2 Julai 2024

Mama Vainqueur,

Nilimjibu kwamba hata ale gunia la chumvi, kete zake zitaendelea kutembea kama mbuzi aliyekata kamba. Akacheka. Akaniambia nami nijaribu. Nilijaribu. Ni tamu kweli.

Ni mimi. Aubin yuko, ana miaka kumi na sita, na hajawahi kugusa mchezo ule. Nimemuomba Mungu msamaha kwa kumtaja, na wewe pia nakuomba.

Nitakueleza yote, halafu utafanya unavyoona.

Hapa mimi ni mtu wa kuomba samahani. Namwomba samahani mwenye shamba kabla hajanilipa, na mlinzi wa bomba la maji, na jirani ambaye hema lake liko karibu na jiko langu. Mtu aliyekimbia kwao anajifunza kusema polepole na kutazama chini. Dame nilifundishwa na marehemu mume wangu kule Rumonge. Nilipopata telefone nilitafuta mchezo huo, nikajipa jina la mnyama mwenye meno, na hakuna aliyejua kwamba mimi ni mwanamke, wala mkimbizi, wala mjane.

Kwanza nilicheza kwa adabu. Niliandika “asante” na “umecheza vizuri.” Kuna wapinzani huko, mama, wanakutukania mpaka mama aliyekuzaa kwa sababu umewala kete moja. Nilikuwa nafunga telefone. Kisha nikakutana na Vainqueur wa Baraka. Mchezo wa kwanza alinishinda, akaandika: “Mzee, nimekupima tayari. Mbao tatu zinakutosha.” Nilimuuliza, samahani, mbao gani? Akanieleza kwamba ni za sanduku la maiti, kwamba kwenu anayeshindwa katika dame anazikwa, na kwamba amejifunza kwa mjomba wake, seremala ambaye hajashindwa na mtu tangu aanze kucheza mbele ya karakana yake. Akasema, “Nawe ukishinda unizike. Ukinyamaza, mchezo unakosa chumvi. Lakini mama ya mtu hatumugusi.”

Ndiyo sheria aliyonipa. Nimeishika miezi kumi. Nilikuwa nampima naye ananipima. Alikuwa ananiita mzee, nami sikumsahihisha. Alisema anajifunza kwangu ili Noeli hii amshinde mjomba wake mbele ya watu wote.

Sasa tarehe 30. Asubuhi hiyo mwenye shamba alinifukuza mbele ya wengine, akaniita mwizi wa mihogo. Sikuiba. Nilirudi, nikafungua telefone, nilikuwa karibu kushinda. Vainqueur akaandika: “Nisubiri, niko mgonjwa.” Wapinzani wengi wanasema hivyo wakiona wanashindwa. Yeye mwenyewe wiki mbili kabla alisema anaumwa na tumbo, kumbe alikuwa anatafuta njia ya kutoka, akanicheka. Nikajua ananichezea tena. Nikaandika lile neno. Halikuwa la mchezo, mama. Yale mengine yote yalikuwa ya mchezo. Lile nililiandika kwa hasira, nikitaka limuume mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Hakujibu. Kila siku niliangalia. Siku ya saba telefone ikanipa ushindi ambao sikuutaka.

Nikisema nitakuja tarehe 12 niseme mwenyewe, utanikubalia? Naogopa, lakini nitakuja. Chini hapa nimekuchorea kete zilivyokuwa, nyeupe zake na nyeusi zangu. Zamu ilikuwa yake. Sijui kwa nini nimechora. Nimeona nisiuache mchezo upotee.

Goreth Ndikuriyo

*

Fizi, tarehe 4 Julai 2024

Godelieve,

Nimeambiwa Lionel anabeba barua zako kupeleka Lusenda na kukuletea majibu. Sikutaka kuamini.

Unamwandikia nani kule? Kama ni yule ninayemfikiria, wewe mama unakaa chini na kalamu kumwandikia mtu aliyekuondolea mtoto? Mtoto ambaye sanduku lake nilipigilia misumari kwa mikono hii?

Nitashuka tarehe 11. Nataka kuikuta telefone nyumbani, na jina la mtu huyo. Usiponipa jina, Lionel atatoa.

Alphonse

*

Baraka, tarehe 7 Julai 2024

Kaka yangu Alphonse,

Namtuma Chérie mwenyewe akuletee barua hii mkononi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya watu wa karakana.

Ni kweli, nimemwandikia Mamba 77. Ni mwanamke, mjane, bibi mwenye wajukuu. Nina jina lake. Nitakupa ukiniuliza baada ya kusoma, maana sijawahi kukuficha kitu kwa nia ya kukudharau.

Kaka, Chérie alitusomea mistari mitatu ya Mamba tu. Mimi nimesoma yote, tangu mwezi wa nane wa mwaka jana. Nimemaliza jana. Nimejua mambo ya mtoto ambayo sikuyajua nikiishi naye. Kumbe alikuwa anaogopa kunyoa ndevu asije akajikata. Kumbe alijua kwamba mafuta yake ya kujipaka, niliyomwambia nimepewa bure, niliyanunua. Mule ndani pia kuna majina kumi na mawili ya watu aliowafungia mlango, wasiweze kumwandikia tena. Nimesoma waliyomwandikia. Ni matusi ya kweli, ya kumchafua mama na kabila. Hakuwajibu hata mmoja. Aliwafungia, akaendelea na mchezo mwingine. Mamba 77 hakumfungia. Alimrudia kila mara, miezi kumi.

Yule wa kwanza kuandika “Leo unakufa” ni Vainqueur. Wa kwanza kuandika “Nimekuzika” ni Vainqueur. Na siku ya kwanza kabisa alipomshinda yule mama, alimwandikia hivi, nimenakili herufi kwa herufi: “Mzee, nimekupima tayari. Mbao tatu zinakutosha.”

Kaka, unayajua maneno hayo. Fizi nzima inayajua.

Unakumbuka alipokuwa na miaka saba? Ulimla kete zote mbele ya watu, ukatoa kalamu yako sikioni, ukampima toka kichwa mpaka miguu kwa macho, ukasema vile. Alilia. Alikimbilia nyuma ya karakana. Wote mkacheka, mimi nikakasirika na wewe. Baada ya muda alirudi na vumbi la mbao kichwani, akakuambia: “Mujomba, nimelala juu ya mbao zako nimejipima. Mbili zinatosha.” Ulimbeba siku hiyo mabegani mpaka kwenye duka la biskuti. Tangu pale alikuwa anauliza kila jumamosi kama tunapanda Fizi.

Sikuandikii haya kukuambia wewe ndiye uliyemroga. Mungu apishe mbali. Nakuandikia kwa sababu ulimpa kitu, akakipenda, akakibeba mpaka ndani ya telefone, akampa mtu mwingine aliyekuwa hana cha kucheka. Kama maneno haya yanaua, ungekuwa umemaliza wanaume wote wa Fizi tangu mimi niko msichana.

Na alikuwa anafanya mazoezi kwa yule mama ili akushinde wewe Noeli hii. Hilo nilikuwa sijui.

Liko neno moja ambalo si lako wala la mtoto. “Ufe basi.” Hilo yule mama amekubali kwamba aliliandika kwa hasira, kwa sababu alidhani mtoto anadanganya ugonjwa. Amesema hivyo mwenyewe, bila kulazimishwa. Anataka kuja tarehe 12 kuyasema mbele yenu. Nimemkataza, maana sijui vijana watafanya nini. Unajua wewe.

Nilimshika mtoto mkono usiku ule wote. Nilimwona akiungua. Muganga alisema dawa imechelewa, na aliyechelewa kumpeleka ni mimi. Nilikuwa na wateja siku mbili zile, nikamwambia alale tu, itapita. Kama unatafuta wa kumweka mezani mbele ya wazee, mimi niko hapa, si mbali.

Telefone iko nyumbani, betri yake ina moto. Sikufuta hata herufi.

Dada yako,
Godelieve

*

Baraka, tarehe 15 Julai 2024

Mama Goreth,

Matanga yameondolewa. Uko salama. Nimeanza na hilo ili usiisome barua hii ukiogopa.

Kaka yangu alifika tarehe 11 jioni. Hakunijibu barua, alikula kidogo, akalala. Kesho yake baada ya sala, wazee walikaa, na vijana wakasimama nyuma karibu na ukuta. Vijana walikuwa wamevaa viatu vya safari. Niliviona. Kaka akaitoa telefone, akaiweka mezani. Chérie alitaka kusoma pale pale aliposoma mara ya kwanza. Kaka akamwambia hapana, aanze mwanzo kabisa.

Chérie akasoma. Alipofika kwenye mbao tatu, watu waliotoka Fizi wakacheka. Hawakukusudia, iliwatoka tu, kwa sababu kila mmoja aliisikia sauti ya kaka. Mzee mmoja alishika mdomo. Halafu wote wakamtazama.

Kaka akasimama. Alisema: “Hayo ni maneno yangu. Kama ndiyo yaliyomuua mtoto, muanze na mimi.”

Alisimama muda mrefu, mikono imening'inia, kama mtu anayengoja kupimwa. Mwishowe Guy, mkubwa wa wale vijana, akakaa chini, akaanza kufungua kamba za viatu. Wengine wakakaa. Chifu akasema malaria imetuchukulia wengi mwaka huu, tuombe. Tukaomba.

Kuhusu neno lako la tarehe 30, Chérie hakufika huko, nilisoma mwenyewe ile sehemu ya barua yako, bila jina lako. Watu walisikia. Mama mmoja alisema ni kosa. Ni kosa kweli, sitakudanganya. Lakini hakuna aliyetaka kwenda popote.

Sasa nami nina la kuungama.

Uliniandikia kwamba hakukujibu. Alikujibu, mama. Alikuwa kwenye kitanda cha kituo cha afya, mahali pale rezo ya telefone inaingia na kukatika. Aliandika, na chini ya maneno yake kuna alama nyekundu inayoonyesha kwamba hayakwenda. Niliyaona tangu ile wiki ya kwanza, kabla sijakuandikia hata karatasi moja. Sikukuambia. Nilitaka ukae na lile neno lako bila jibu, kama mimi nilivyokuwa nakaa bila jibu. Ndivyo nilivyokuwa, na watu hapa wananiita mpole.

Aliandika hivi:

“Sawa mzee. Usiguse kete zako. Nikipona nakuja kukupima.”

Chukua, ni yako. Mimi nimeyanakili kwenye kaye, daftari langu la sokoni, pamoja na mengine yote, kurasa thelathini na moja, maana telefone inaharibika.

Kuna kingine. Siku moja nilimkuta amelala kwenye mkeka, miguu ukutani, anacheka peke yake. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, “Mama, kuna mzee mumoja ananitukana vizuri sana.” Nilimwambia aache upuuzi, akachote maji. Alikwenda kuchota akiwa bado anacheka. Nilisikia ndoo zinagongana njia nzima mpaka chini kwenye maji.

Kaka yangu aliuona mchoro wako wa kete. Aliutazama sana. Ameniomba aende nao Fizi, nami nikampa, na jina lako pia nikampa. Usiogope.

Msalimie Aubin.

Godelieve

*

Fizi, tarehe 22 Julai 2024

Kwa Mama Goreth Ndikuriyo, Lusenda

Mimi ndiye Alphonse, seremala. Lionel anapita kwetu mara moja kwa wiki sasa, nimemwambia akuletee hii.

Dada yangu ni mpole kuliko mimi, kwa hiyo nikuambie ukweli. Neno lile la tarehe 30 sijalisamehe bado. Najaribu. Nimekuambia ili ukisikia kutoka kwangu usidhani nimekwisha samehe.

Mchoro wako nimeuweka ubaoni kwa vifuniko vya chupa, mbele ya karakana. Watu wamekuja kutazama. Kila mmoja anasema Vainqueur ameshindwa, hakuna njia. Mimi pia nilisema hivyo siku tatu. Siku ya nne nikaona alichokuwa anakitafuta. Mtoto alikuwa anaiacha kete yake ya pembeni uile, ukiila unafungua nyuma yako. Hiyo sikumfundisha mimi. Labda ulimfundisha wewe.

Zamu ilikuwa yake, kwa hiyo nimeicheza kwa ajili yake. Kete nyeupe iliyo pembeni kushoto, niliyoizungushia duara kwenye karatasi, imesogea mbele nyumba moja.

Watu wa hapa wananingoja niseme kitu. Nimezoea kusema. Safari hii nacheza kimya. Lakini wewe ukishinda, sema vile alivyokufundisha, usiogope. Jambo moja tu utengeneze. Miaka thelathini nimewaambia watu mbao tatu zinatosha, kwa kuwa lilikuwa neno la kuchekesha. Siku ile nilipompima mtoto kwa kamba, zilikwenda tano. Alikuwa amerefuka, nami nilikuwa sijaona.

Jibu ukiwa tayari. Siku saba ni chache kwa barabara hii. Chukua unazotaka.

Alphonse